Jinsi ya kupima mistari ya chuma katika spektra ya infraredi ya galaksi

Mwongozo huu nimewaandikia wanafunzi wa fizikia wa Uganda ambao wanaweza kuandika programu fupi kwa Python na wanataka kujua ni kitu gani kinachochochea gesi katikati ya galaksi: nyota changa, au shimo jeusi linalomeza maada. Hatuna darubini kubwa ya infraredi, lakini kazi hii inawezekana kwa kompyuta ya kawaida.

Kwanza ni muhimu kuelewa kwa nini tunatumia chuma. Atomu ya chuma hupoteza elektroni ya kwanza kwa nishati ya eV 7.9 tu, na ya pili kwa eV 16.2. Karibu na nyota changa zenye joto kali, miale ya urujuanimno huondoa elektroni zaidi ya moja, kwa hiyo ioni iliyopoteza elektroni moja tu, ambayo mistari yake katika spektra (yaani mwanga wake wa urefu maalumu wa mawimbi) huandikwa [Fe II], hustawi zaidi mahali ambapo gesi imeionika nusunusu. Maeneo mapana ya namna hiyo hutokana na eksirei za kiini hai (kitovu cha galaksi chenye shimo jeusi linalomeza maada), ambazo hupenya mbali ndani ya gesi, au na mawimbi ya mshtuko, hasa yale ya supernova. Zaidi ya hayo, sehemu kubwa ya chuma kilichoko kati ya nyota imefungwa ndani ya chembe za vumbi, kama kilivyofungwa chuma cha udongo wetu mwekundu, na mshtuko ndio unaozivunja chembe hizo na kukiachilia. Ndiyo maana M82, galaksi inayozaa nyota kwa wingi, nayo hung'aa katika mistari hii.

Hatua ya kwanza: kupata data. Mvuke wa maji angani huziba infraredi karibu na mikromita 1.4 na 1.9, hata juu ya Mauna Kea, mita 4,200 kutoka usawa wa bahari. Kwa anayeanza, napendekeza data ya NIRSpec, kifaa cha darubini ya James Webb, kwa sababu haina tatizo hilo na hupatikana bure katika MAST, hifadhi ya mtandaoni ya data za darubini za anga za juu. Pakua faili la spektra ya mhimili mmoja (x1d), si mchemraba mzima wa data, ili bando lako lisiishe kabla ya kazi kuanza.

Hatua ya pili: kurekebisha urefu wa mawimbi. Gawanya urefu wa kila wimbi kwa 1+z, ambapo z ni kipimo cha jinsi mawimbi ya galaksi inayotukimbia yalivyorefuka. Kwa galaksi NGC 1068, ambayo z yake ni 0.0038, mstari wa [Fe II] wa mikromita 1.2570 utauona kwenye 1.2618. Hakikisha orodha yako ya mistari ni ya ombwe, kwa kuwa mstari huohuo hewani ni 1.2567, na tofauti hiyo inayoonekana ndogo huzaa kosa la mwendo la takriban kilomita 80 kwa sekunde.

Hatua ya tatu: kuondoa mwanga wa nyota. Hapa ndipo uvumilivu unapohitajika zaidi. Mstari mwingine wa [Fe II], wa mikromita 1.644, umeketi karibu na mikanda ya CO (monoksidi ya kaboni) inayofyonza mwanga katika nyota baridi, na pia karibu na mstari wa haidrojeni wa Brackett 12. Ukichora tu msingi ulionyooka chini yake, utapata nguvu isiyo sahihi. Linganisha spektra na violezo vya nyota, uvitoe, kisha pima mabaki kwa mkunjo wa Gauss. Ikiwa Paschen beta, mstari mwingine wa haidrojeni (mikromita 1.2822), ina sehemu pana, yenye upana wa maelfu ya kilomita kwa sekunde, itenganishe na utumie sehemu nyembamba peke yake, kwa kuwa [Fe II] haitoki katika gesi ile nzito iliyo karibu kabisa na shimo jeusi.

Hatua ya nne: vumbi. Mistari ya 1.257 na 1.644 huanzia ngazi moja ya nishati, hivyo uwiano wake asilia haubadiliki; thamani inayotumika sana ni 1.36, ingawa hesabu mbalimbali za nadharia hutofautiana. Kwa sheria ya vumbi ya kawaida, ufifizaji A(V), yaani kiasi ambacho vumbi limepunguza mwanga unaoonekana kwa macho, kwa magnitudi, ni takriban 25.5 × log(1.36/R), R ikiwa uwiano ulioupima na log ikiwa ya msingi wa 10. R ikiwa 1.0, unapata magnitudi 3.4. Angalia pia kwamba kosa la asilimia 10 katika R hubadilisha jibu kwa zaidi ya magnitudi moja, kwa hiyo usiandike A(V) bila kiasi cha shaka.

Hatua ya tano: uamuzi. Gawanya [Fe II] 1.257 kwa Paschen beta. Mistari hii ni majirani, hivyo vumbi haliuathiri sana uwiano huu. Kwa kawaida, chini ya 0.6 ni galaksi inayozaa nyota, kati ya 0.6 na 2 ni kiini hai, na juu ya 2 ni galaksi za aina ya LINER, ambazo mistari ya kiini chake hutoka hasa kwa ioni za nishati ndogo. Binafsi siishii hapo, kwa sababu mabaki ya supernova yanaweza kuinua uwiano huo bila shimo jeusi kuhusika. Tafuta mstari wa fosforasi, [P II], kwenye 1.188. Fosforasi haifungwi sana ndani ya vumbi, kwa hiyo [Fe II]/[P II] huwa karibu na 2 pale miale inapotawala, na hukaribia 20 pale mshtuko ulipovunja chembe. Mstari huo ni hafifu. Usipoonekana, kikomo chake cha juu kitakupa kikomo cha chini cha uwiano, na kikomo hicho kikizidi 2 kwa mbali, mshtuko tayari umethibitika kuwa na sehemu yake.