Kuandaa ramani ya taarifa za dharura kwa Ushahidi

Ushahidi, programu ya mtandaoni ya kukusanya taarifa, ilizaliwa Kenya mwaka 2008, wakati wa ghasia zilizofuata uchaguzi, ili taarifa za wananchi zionekane kwenye ramani. Kuiweka tayari kwa matumizi si kazi ngumu. Kinachokwamisha uokoaji ni taarifa kurundikana bila mtu wa kuzishughulikia, basi anza na fomu ya kuzipokea. Rangi za ramani zitasubiri.

Maswali 5 yanatosha: nini kimetokea, wapi, saa ngapi, watu wangapi wameathirika, nani apigiwe. Aina za matukio zisizidi 8 hivi, la sivyo wapokeaji wawili wataweka mafuriko yaleyale chini ya aina mbili tofauti. Namba ya simu ya mtoa taarifa isionekane kwa umma.

Mahali ndipo penye balaa. Andika latitudo (namba ya kaskazini-kusini) kwanza, longitudo (ya mashariki-magharibi) baadaye, kwa digrii za desimali, yaani zenye nukta. Tarakimu 4 baada ya nukta hukufikisha ndani ya takriban mita 11. Tarakimu 2 huacha pengo la kilomita nzima. Alama ikiangukia baharini, jaribu kubadilishana nafasi za namba hizo mbili kabla ya kuifuta taarifa. Lakini anayetuma SMS hana namba hizo, atakuambia tu "nyuma ya shule". Kwa hiyo tayarisha mapema orodha ya shule, madaraja na mitaa, pamoja na majina ambayo wenyeji huyatumia, kila moja na namba zake.

Majibu ya SMS yasizidi herufi 160. Emoji moja tu hushusha kikomo hadi 70, ujumbe ukagawanywa vipande na gharama ikapanda.

Kila zamu iwe na mpokeaji, mhakiki na mgawaji. Taarifa mpya ibaki kwenye ukaguzi hadi vyanzo viwili visivyohusiana viafikiane; ujumbe uleule uliosambazwa mara 20 ni chanzo kimoja. Hata hivyo wito wa kuokoa maisha hausubiri: mgawaji aupeleke kwa timu ya uokoaji mara moja, uchapishaji ufuate. Maficho ya watu wanaowindwa usiyachapishe kabisa.

Fanya zoezi kwa ujumbe 50 wa majaribio, 10 kati yake ukiwa wa marudio, uone ni mingapi inapita bila kugunduliwa.

Pakua nakala ya taarifa zote kwa CSV (faili la jedwali la maandishi matupu) kila zamu inapobadilishana. Ukiifungua kwa programu ya majedwali, weka safu ya simu kuwa maandishi kwanza, maana sifuri za mwanzo hupotea na hutampata mtu tena.