Sindano ya dakika ya kwanza: namna ya kuifanya idumu

Mimi ni mkunga katika kituo cha afya daraja la tatu, nje kidogo ya Arua, Uganda. Tulianza kuhakikisha kila mama anapata sindano ya oksitosini (dawa ya kukaza mji wa mimba) yuniti 10 ndani ya dakika moja baada ya kujifungua, tukishapapasa tumbo kujua hakuna pacha, ili asivuje damu nyingi. Tulifanikiwa. Kisha aliyesimamia mradi akahamishwa, na baada ya miezi miwili rejesta ilijaa nafasi tupu. Iliniuma sana.

Kwa hiyo usiiache kazi mikononi mwa mtu mmoja. Chora safu mbili kwenye rejesta ya uzazi: saa ya mtoto kuzaliwa, saa ya sindano. Anayepokea zamu azisome kabla mwenzake hajaondoka. Kila Ijumaa hesabuni akina mama waliodungwa ndani ya dakika moja, mtie nukta kwenye grafu iliyobandikwa chumba cha kuzalia, si ofisini kwa mkuu. Nukta ikishuka, tafuteni sababu, msitafute mkosaji. Sisi tuligundua dawa ilifuatwa chumba cha pili mama akiwa tayari anasukuma! Sasa inatoka kwenye friji mapema na kungoja kwenye trei, pamoja na bomba lake la sindano.

Kituo jirani wakitaka utaratibu huu, usiwapelekee karatasi. Mwalike mkunga wao akae nanyi zamu nzima, kisha wajaribu kwao wiki moja na kubadilisha panapokwama. Kama umeme wao hukatika, anzeni na kisanduku cha baridi, maana oksitosini hutunzwa kwenye nyuzi 2 hadi 8.