Monita ikiandika "Out of Range" usikimbilie kwa fundi

Jamani nyie mnaonunua monita za mtumba pale Darajani, ukipandisha hezi (Hz, yaani mara ngapi kioo kinabadilisha picha kwa sekunde) kwenye setingi za Windows ukaweka 75 au 100 halafu kioo kikawa cheusi au kikaandika "Out of Range", monita haijafa, ni kompyuta tu inaipelekea picha kwa kasi ambayo yenyewe haiiwezi. Kwanza usiguse kitu, toa mkono kwenye kibodi na mausi kabisa, maana pale Windows inakuuliza ubaki na mabadiliko au la, na usipojibu ndani ya sekunde 15 inarudi yenyewe ilipokuwa. Watu wengi hapo ndo wanapoharibu, wanabonyeza bonyeza kwa pupa kumbe washakubali.

Ukiwa ushakubali chomeka na tivi kwa HDMI, monita uiache palepale, halafu ingia Display, Advanced display, chagua ile monita uirudishe 60. Dirisha likifungukia kule kwenye kioo cheusi shika Windows na Shift pamoja na mshale wa kushoto au kulia, litakuja kwenye tivi.

Huna tivi? Izime kompyuta kwa kukandamiza swichi yake wakati nembo ya Windows inatokea, rudia mara mbili tatu mpaka ikuletee menyu ya matengenezo, ingia Troubleshoot, Advanced options, Startup Settings, bonyeza Restart, ikishawaka tena bonyeza 3, itawaka kwa picha kubwa kubwa mbaya lakini utaona, hapo sasa weka 60.

Na kabla ya kununua muulize muuzaji monita inabeba hezi ngapi, au soma modeli kwenye stika ya nyuma uitafute mtandaoni palepale dukani.