Maelekezo ya kazi aandike mgeni, si mzoefu

Fundi akiwa na mbinu nzuri kwenye mashine, usimwombe aiandike. Mweke mgeni kando yake aandike kila anachokiona na kuuliza “kwa nini?”, kisha aifanye kazi mwenyewe kwa karatasi ile ile, fundi akiwa kimya (hapo ndipo pagumu!). Mzoefu huruka yale ambayo mikono imeshayazoea. Kwetu ilikuwa kufuta chenga za chuma kwenye jiliwa (kifaa cha kubania) kabla ya kubana kipande. Fundi hakuwahi kulitaja jambo hilo, na vipande vya wengine vilikaa upande. Sababu iandikwe kando ya hatua, la sivyo zamu ya usiku itairuka. Ukihamishia mbinu hiyo kwenye mashine iliyochakaa au malighafi nyingine, chukua sababu tu. Vipimo pima upya.