Mtu wenu kachukuliwa na polisi? Anzeni hivi (Unguja na Pemba)

Jamani mtu wenu akishikwa usiku musikimbilie TikTok kutafuta wakili wa bara akutajieni kifungu. Mdogo wangu alivoshikwa mie nilifika kituoni na simu mkononi nasoma "Sura ya 20", ile sheria ya mwenendo wa jinai, askari kanitazama weee akasema bibie hiyo ya bara. Na kweli. Polisi ni wa Muungano lakini jinai huku tuna zetu wenyewe, Sheria ya Adhabu namba 6 na ya Mwenendo wa Jinai namba 7, zote za 2018, na anaeshtaki ni Mkurugenzi wa Mashtaka wa Zanzibar.

Basi ukifika uliza taratibu, bila ya makelele: kashikwa kwa kosa gani, mpelelezi nani, kaingia saa ngapi. Hiyo saa iandike, maana inahesabiwa saa 24, zikipita inatakiwa awe kapata dhamana au kafikishwa mahakamani.

Mukionana nae mwambieni asitie saini maelezo mpaka asomewe ayasikie yote, na neno ambalo hakulisema alikatae hapo hapo. Si lazima ajibu kila swali. Watu wanajifunga hapa wallahi, si mahakamani, mtu kachoka, njaa inamuuma, anasema haya andikeni munavotaka nende zangu nikalale, kesho hakimu ana karatasi na saini yako ipo chini, utasema nini?

Dhamana ya polisi NI BURE, hakuna cha soda wala cha wino. Wadhamini waje na kitambulisho cha Mzanzibari na barua ya sheha, na huyo sheha muwahini alfajiri kabla hajenda shamba maana akishatoka ndo siku ishakwisha. Kesi ya mauaji au uhaini polisi hawatoi dhamana, hapo musipoteze muda kaunta, tafuteni wakili.

Pesa ya wakili hamna? Kituo cha Huduma za Sheria Zanzibar kipo toka 1992, Pemba wapo Chake Chake, na majimboni kuna wasaidizi wa sheria, ulizeni.

Akiwa chini ya miaka 18 huyo ni mtoto, ana sheria yake ya 2011, semeni umri mapema na cheti cha kuzaliwa mkononi.

Halafu pelekeni chakula na maji. Mie nilibeba vifungu tu, mdogo wangu kalala na njaa.