"Place": neno dogo lenye utelezi mwingi

Konda mmoja wa Arusha alimwona mtalii amesimama stendi na begi mgongoni, akamwita kwa bashasha: "Come, my friend! There is place!" Mtalii akauliza, "Which place?" Konda akapigapiga kiti: "Here! Place!" Gari likaondoka, mtalii amebaki palepale anajiuliza alikuwa anaitwa kwenda wapi. Mimi nilikuwa ndani, siti ya dirishani, nikanyamaza kama abiria wenzangu. Somo la leo ni deni langu la siku ile.

Konda yule kichwani alikuwa na sentensi safi kabisa: nafasi ipo. Kilichomponza ni kwamba "nafasi" yetu hubeba mizigo ambayo Kiingereza kimeigawa kwa "place", "room", "space" na "chance". Na "place" nayo ina vibarua vingine ambavyo "mahali" haina habari navyo. Ndiyo maana leo kamusi tunaiweka kando, tunakwenda na maswali.

Hatua ya 1: Ihoji sentensi yako ya Kiswahili

Kabla hujatamka "place", jiulize: ninachotaka kusema kinajibu "wapi?", "ya ngapi?" au "inatosha?"

Kikijibu wapi, "place" ni halali yako: "This is a good place for a shop." Kikijibu ya ngapi, halali pia: "She took second place", ameshika nafasi ya pili. Lakini kikijibu inatosha, liache neno hilo. Konda alitakiwa aseme "There's room for one more."

Hapa angalia sana. "Room" bila "a" ni nafasi. "A room" ni chumba. Ukiuliza "Is there room?" unataka kujua kama mtaenea. Ukiuliza "Is there a room?" mhudumu wa gesti ataanza kutafuta funguo. Herufi moja tu, na bili inabadilika. "Space" nayo hufanya kazi hiyohiyo, na ndiyo inayozoeleka kwa simu iliyojaa picha: "There's no space on my phone."

Nafasi ya kwenye "sijapata nafasi ya kukupigia" ni habari nyingine, hiyo ni "chance": "I haven't had a chance to call you." Lakini nafasi ya masomo chuoni, kwa Mwingereza, inarudi kuwa "place": "I've got a place at university." Hii huna la kufanya ila kuikariri.

Hatua ya 2: Usisahau wingi

"Mahali" kwetu ni neno la kifalme, lina ngeli yake lenyewe, na liwe moja au mengi halibadiliki: mahali pamoja, mahali pengi. Tunahamia Kiingereza na tabia hiyo, tunasema "I have worked in many place". Sema "many places". Umoja hutamkwa "pleis", silabi moja. Wingi "pleisiz", silabi mbili. Ukichomeka "a" katikati ya "p" na "l" umepata "palace", yaani kasri. Mgeni wa Unguja ukimwambia mkutane "at the palace" atakwenda kukusubiri karibu na Forodhani, kwenye jumba la makumbusho la masultani, na wewe uko zako Darajani.

Hatua ya 3: Ukishasema "where", usirudie "there"

Sisi tunasema "mahali nilipozaliwa", ile "-po-" imeshamaliza kazi. Kiingereza humalizia kazi hiyo kwa "where": "the place where I was born". Nasikia mara nyingi "the place which I was born there". Hapo "which" imekalia kiti cha "where", kisha "there" ikaletwa kuziba pengo. Katika maongezi unaweza hata kuiacha "where": "the place I was born". Ukitaka "in", iweke lakini "where" iondoke: "the place I live in".

Hatua ya 4: Kwangu na kwetu

Kiswahili hakihitaji nomino hapa. "Njoo kwangu" imetosha. Kiingereza hakiwezi kusimama hivyo, kinatafuta nguzo, na nguzo yenyewe mara nyingi ni "place": "Come to my place." Maana yake ni pale ninapoishi sasa, hata kama ni chumba cha kupanga uani kwa watu.

Lakini "kwetu" ya asili, ya kina bibi na makaburi ya ukoo, siyo "my place". Mtu anayeishi Dar akisema "My place is Tanga", mzungu ataelewa ana nyumba Tanga, labda ya wikiendi. Sema "I come from Tanga." Na ile "in our place we don't eat this" iwe "where I come from, we don't eat this."

Hatua ya 5: "Take place"

Maana yake ni kufanyika, na hapa ndipo tunapoangukia wengi. "Kufanyika" kwetu ni tendo lenye mnyambuliko, kwa hiyo tunaitafutia "was": "The wedding was taken place on Saturday." Hapana. Ni "The wedding took place on Saturday." Kwa matukio yaliyopangwa (arusi, mkutano, mtihani) inakaa vizuri. Ajali ya bodaboda hakuna aliyeipanga. Kwa hiyo mimi hutumia "happened".

Halafu kuna pacha wake: "take the place of" ni kuchukua nafasi ya mtu au kitu. Neno "the" likiingia, hakuna tena sherehe.

Maswali ya wanachama

Shikamoo mwalimu. Kuna tofauti kati ya "in first place" na "in the first place"? Nimeandika ya pili kwenye habari ya mpira, nikachekwa.

Marahaba. Timu inayoongoza ligi iko "in first place". Ukiongeza "the" unasema "kwani tangu mwanzo": "Why did you lend him money in the first place?" Yaani, hela zako ulimkopesha ya nini? Waliokucheka nao waliwahi kuchekwa.

Fomu ikisema "Place of birth" niandike jina la hospitali?

Kwa kawaida ni mji au wilaya. Fuata kilichoandikwa kwenye cheti chako cha kuzaliwa, ili karatasi zako zisigombane.

Mwalimu, mwanangu ameambiwa "two decimal places". Ni mahali gani huko?

Hakuna safari, ndugu. Ni tarakimu mbili baada ya nukta. 3.14159 inakuwa 3.14.

Nairobi tunasema "hiyo place ni noma". Ni makosa?

Kwa Sheng iko sawa kabisa. Usiipeleke tu kwenye barua ya kuomba kazi.

Nimeona anwani ya BBC kule London ina "Portland Place". Ni jina la jengo?

Ni barabara. Waingereza huweka "Place" kwenye majina ya baadhi ya mitaa na viwanja vya mjini, na hapo herufi ya kwanza huwa kubwa. Neno lenyewe limetokana na la Kigiriki lililomaanisha njia pana, likapitia Kilatini na Kifaransa. Ndugu yake wa tumbo moja, "plaza", alipitia Uhispania, na leo anaishi Dar na Nairobi kama jina la majengo ya maduka.

Bosi ameniandikia "Your report is all over the place." Nimefurahi, nikadhani imesambaa kila ofisi.

Pole dada. Amesema ripoti haina mpangilio, ni shaghalabaghala. Ipange upya leo kabla hajakuita.