Kujiandaa kuingia uuguzi kupitia komyuniti koleji, Marekani

Mwongozo huu ni wa mhamiaji anayelenga shahada ya uuguzi ya miaka miwili (ADN), inayompeleka kwenye mtihani wa leseni wa NCLEX-RN. Kusajiliwa chuoni si kuingia uuguzi: programu ina maombi yake na nafasi chache.

1. Hakikisha programu imeidhinishwa na bodi ya uuguzi ya jimbo na ina ithibati, mfano ya ACEN, chombo kinachokagua programu za uuguzi. Jaza FAFSA, fomu ya kuomba msaada wa serikali wa kulipia masomo; ni bure. Anayetaka umlipe akujazie, mkatae.

2. Vyeti vya nyumbani vipitie shirika la tathmini ambalo chuo chako kinalikubali. Mwenye masomo ya chuo aombe ripoti ya somo kwa somo.

3. Sayansi: Anatomia na Fiziolojia 1, kisha 2, pamoja na Maikrobaiolojia. Vyuo vingi hudai baiolojia au kemia kwanza, kwa hiyo panga semesta ukianzia mwisho kurudi nyuma. Alama ya C inakuvusha darasa, lakini kwenye ushindani wa nafasi inakuangusha. Mifupa isome maabara ukiwa umeishika. Kwenye mtihani wa vitendo unakuta kibandiko kwenye kitundu cha mfupa, nawe uandike jina bila kukosea tahajia. Picha za simu hazikuandai kwa hilo.

4. TEAS, mtihani wa kuombea nafasi ya uuguzi: maswali 170, dakika 209. Ufanye mara tu umalizapo Anatomia 2.

5. Faili la afya, yaani rekodi za chanjo na vipimo, ndilo linalokwamisha watu wetu. Usingoje barua ya kukubaliwa. Chanjo ya kawaida ya homa ya ini B ni dozi 3: ya kwanza, ya pili baada ya mwezi, ya tatu mwezi wa sita; kisha kipimo cha kinga mwezi mmoja au miwili baadaye. Hiyo ni miezi saba au minane. Ipo ya dozi 2 kwa watu wazima, Heplisav-B, zikiachana mwezi mmoja. Mimi ningeomba hiyo.

Kifua kikuu nacho: ukiwa na kovu la BCG (chanjo ya kifua kikuu) mkononi, kataa kipimo cha ngozi, omba cha damu (IGRA). BCG inaweza kuvimbisha ngozi ukaonekana una maambukizi wakati huna. Cha damu hakidanganywi nayo. Kifanye kabla ya chanjo ya surua au siku hiyohiyo, la sivyo subiri wiki 4. Kikija chanya, utapigwa eksirei ya kifua. Ikiwa safi na huna dalili, ni TB iliyolala, haiambukizi. Zungumza na daktari kuhusu dawa, na utunze ripoti ya eksirei kwa sababu utaombwa tena na tena.

6. BLS, mafunzo ya msingi ya kuokoa maisha: chukua ya watoa huduma za afya, yenye mazoezi ya ana kwa ana. Ya mtandaoni pekee kwa kawaida hurudishwa.